Kilo za Mama Kibaba

Muuza nafaka huyu walimbandika jina la Mama Kibaba kwa sababu mizani yake haikumpunja mtu. Maharage yake hata ukayapime wapi, kilo ni kilo. Sasa sikia makubwa: mwanamke huyohuyo ndiye aliyepanda mizani ya kliniki akiwa na mawe ya chuma mifukoni.

Alikuwa na saratani ya titi la kushoto, na alishatundikiwa dawa mara tatu. Siku mbili kabla ya kila dripu hakutia kitu mdomoni ila maji. Hayo yalikuwa maneno ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyeyapata kwenye simu: saratani inakula sukari, ukiinyima chakula inakufa njaa. Daktari hakuulizwa. Lakini mgala muue na haki yake umpe. Wifi alifunga pamoja naye, wakakonda wote.

Mama Kibaba hakubisha. Tangu nywele zidondoke hakuwa akibisha chochote. Hofu hana, matumaini hana. Hata njaa aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Alitaka kitu kimoja tu, asikatiziwe dawa. Na mara ya mwisho daktari alimwonya, "Mama, ukipungua tena nitasimamisha."

Ndipo akachukua mawe yake ya kupimia, moja mfuko huu, moja mfuko ule. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mizani ikasoma vizuri. Muuguzi akaandika, akavuta kikokotoo.

"Unapiga hesabu gani, mwanangu?"

"Ya dawa yako, mama. Tunakadiria kwa kilo za mtu na urefu wake. Ikizidi inakudhuru."

Alisimama palepale. Miaka yote sokoni alikuwa akiwasema wenzake wanaobonyeza mizani kwa kidole. Aibu ilipaswa kuja, na haikuja. Akatoa jiwe la kwanza, akaliweka mezani, kisha la pili. Muuguzi akayatazama, akamtazama na yeye.

"Unakula kweli, mama?"

"Sili."

Dripu haikutundikwa siku hiyo. Daktari alisema damu imeshuka mno. Ale kwanza, arudi wiki ijayo, na akitaka kufunga tena amuulize yeye, si simu.

Wifi aliposikia, alikaa sakafuni jikoni. "Nimekuua, wifi yangu. Nilitaka upone, nimekuua kwa mikono yangu." Akalia kilio cha msiba.

Mama Kibaba alingoja na yeye alie. Chozi halikuja. Akavuta bakuli la uji, akanywa. Haukuwa na ladha yoyote, si chumvi si sukari, lakini ulishuka. Akaumaliza, akamsogezea wifi bakuli.

"Niongezee," alisema. "Na wewe jipakulie."