Nyimbo za Kihispania Kwenye Njia ya Riyadh

Gari nililonunua lilikuwa la mtumba, na ndani ya redio yake mlikwama sidii. Fundi wa mtaani kwetu Al-Nuzha, hapa Jeddah, aliichokoa kwa kisu mpaka akachoka, akaniambia ninunue redio nyingine au nizoee. Nikazoea. Kasha la sidii lilikuwa bado kwenye mfuko wa mlango, na picha ya mwimbaji wa kike, nywele zinapeperuka. Mwenzangu kazini alinitafsiria maandishi yake kwa simu yake. Mwimbaji mwenyewe huimba Kiingereza, akasema, ila hizi ni nyimbo zake zilizopendwa kuliko zote, kaziimba upya kwa Kihispania.

Mama hakutaka kuzisikia. Aliletwa Jeddah akiwa mtoto, wazee wake walipotoka Unguja baada ya mapinduzi, na tangu alipohiji hakuruhusu muziki nyumbani, hata zile taarabu za mama yake.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Daktari wa Jeddah akatuandikia hospitali ya Riyadh, huko kwenye sindano za macho. Ndege ilimuumiza masikio, alitoka analia. Kaka yangu kila safari alikuwa na udhuru. Kwa hiyo nikawa naomba ruhusa kwenye kliniki ya meno ninakopokea wagonjwa, bosi ananuna, na baada ya sala ya alfajiri tunatia themosi ya chai garini, tunaondoka. Ukishaipita Taif ni mchanga tu na malori, mpaka jua linatoka usoni linakugeukia mgongoni.

Safari ya kwanza kwa gari tulikwenda kimya. Mama alikuwa na tasbihi yake, mimi na uchovu wangu wa wiki nzima. Mahali fulani, sijui wapi, nikasikia matairi yananguruma chini yangu, na mama ananivuta mkono.

"Umelala!"

"Sikulala, mama."

"Umelala wewe. Mimi sioni njia, lakini nasikia."

Nikarudisha gari barabarani. Mama akaishika tena tasbihi yake. Kisha akasema, "Haya, wafungulie hao watu wako waimbe."

Ndivyo ilivyoanza. Mwanzo alivuta ushungi masikioni. Safari ya pili akauliza, "Huyu analalamika nini?"

"Sijui, mama. Kihispania hicho."

"Kaachwa."

"Umejuaje?"

"Msikilize anavyovuta pumzi."

Kila wimbo akaupa kisa chake. Huyu kaachwa, huyu karudiwa lakini hataki, huyu wa nne mumewe kasafiri na haandiki. Siku moja akanishika bega. "Hapo kasema hata!" Nikamwambia haiwezekani. "Kasema hata, nimemsikia." Nikamuuliza yule mwenzangu wa kazini, akatafuta, akaniambia lipo neno lao, hasta, linalokaribia kuwa hivyo, maana yake mpaka, na wamelitoa kwa Waarabu. Nilipomwambia mama hakushangaa. "Si nilikwambia?"

Nilicheka, lakini nisije nikadanganya, safari zile zilinimaliza. Nilikuwa narudi kazini mgongo hausimami, nawaambia wagonjwa "karibu" kwa Kiarabu na sikumbuki sura zao.

Safari ya mwisho daktari alimpima muda mrefu. Akaniita pembeni, nikamwambia aseme mbele yake, ni yake macho. Jicho la kulia limekwisha, akasema. La kushoto litabaki na hicho kidogo kilichopo. Sindano hazitasaidia tena.

"Halas, yamekwisha?" mama akamuuliza.

"Halas, mama," daktari akamjibu kwa upole.

Mama alikaa kwenye kiti cha korido, akataka chai. Nikamletea, akainywa yote.

Njiani tukirudi nikawasha sidii mwenyewe. Akasema, "Zima leo. Niambie tunapita wapi." Nikamwambia: kituo cha mafuta, msikiti mdogo mweupe, uzio wa ngamia, mchanga. Tena mchanga. Nikaendelea. Nilidhani nitafurahi kwamba njia ile imekwisha, na nilichohisi ni kwamba sasa hakuna tena tunapokwenda kuombea chochote.

Kiangazi kile joto liliiua sidii. Ikarukaruka, ikanyamaza. Mama alipoulizia, nikazitafuta nyimbo zilezile za Kihispania kwenye simu, nikamwekea jikoni.

"Sizo hizi."

"Ndizo, mama. Sauti ni ileile."

"Sizo. Yule wa nne hakuanza hivi."

Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaiacha simu mezani ikiimba, nikaenda kuosha mchele. Nilipogeuka alikuwa amesinzia kwenye kiti, tasbihi imemwangukia mapajani.