Mvua Kubwa za Dirma

Natalia aliapa kwamba data yake hakuigusa. Alikata kipande tu.

Mvua za vituo vitatu, misimu miwili, zilikaa kwenye jedwali moja la NumPy, zana ya hesabu ya lugha ya kompyuta ya Python. Masieda ilikuwa mstari wa sifuri, Tumati wa kwanza, Dirma wa pili, maana Python huanza kuhesabu kwenye sifuri. Asubuhi hiyo, chumbani kwake Katesh, aliandika dirma = mvua[2], kisha dirma[dirma > 30] = 0. Yaani kila mvua ya Dirma iliyozidi milimita 30 iwe sifuri; alitaka kuona msimu ungekuwaje bila mvua kubwa. Umeme ukakatika, betri ikawa inakata roho, naye kwa hofu akahifadhi jedwali juu ya faili lake la pekee. Alipoiwasha kompyuta tena, mvua kubwa za Dirma hazikuwepo. Na utafiti wake wa shahada, uliotakiwa chuoni wiki ijayo, ulihusu hizo hizo: mvua zinazosomba mbegu.

Alimpigia Evarist, aliyesoma naye.

"Nilibadilisha kipande, Evarist! Jedwali sikuligusa."

"Uliweka copy(), kipande kiwe nakala?"

"Hapana."

"Basi dada, hukukata kitu. Ulitoboa dirisha la pili kwenye zizi lilelile. Ng'ombe ukimchinja kupitia dirishani, ukienda mlangoni utamkuta anacheua?"

"Usinitanie, nitalia."

"Lia, halafu mpigie aliyepima."

Aliyepima ni mzee Margwe wa Dirma. Kila asubuhi alisoma kipimo, akamtajia namba kwa simu, naye Natalia akaiingiza moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo kukavu."

"Babu, zile mvua kubwa, namba zake unazikumbuka?"

"Ile iliyoangusha ukuta wa jirani yangu Tekla?"

"Ndiyo! Ilikuwa ngapi?"

"Ilikuwa kubwa."

"Namba, babu."

"Namba si nilikupa wewe? Maji nikamwaga, kama ulivyonifundisha."

Natalia akakodolea macho mstari wa Dirma. Sifuri zote zilifanana, za siku za jua na za siku za gharika. Hata mahali pa kurudishia hakupajua. Akaandika 52 kwenye mojawapo. Ikakaa vizuri, kama mvua ya kweli. Nani angejua?

Akaifuta. Akaandika dirma[dirma == 0] = np.nan, yaani kila sifuri iwe "haijulikani", na zaidi ya nusu ya mstari ikawa tupu. Kisha, kabla moyo haujamgeuka, akampigia msimamizi wake.

"Shikamoo, mwalimu. Dirma sina tena. Nimeiharibu mwenyewe."