Aliyebaki Mnarani

Nilimjua Lidia Heczko tangu meno yake ya utotoni hayajang'oka. Kwao ni nyumba ya pili kutoka kwetu, bondeni Malinka, katika mji wetu wa Wisła, Poland, chini kabisa ya mnara wa kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, mahali ambapo mtoto wa kiume haulizwi kama ataruka bali ataanza lini. Kwa binti mambo yalikuwa mengine. Alipokwenda klabuni kuomba ajaribu, mwalimu alimwambia akacheze mpira wa wavu. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, amebeba skii za kuazima zilizomzidi urefu mara mbili, mpaka mwalimu akachoka kumfukuza.

Baadaye wakaja wasichana wengine, na ikapatikana timu ya wanawake. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wao. Wakati huo gari lilikuwa kama soko. Maganda ya alizeti sakafuni, soksi zimeanikwa kwenye migongo ya viti, vicheko visivyo na sababu kutoka Wisła mpaka tunakokwenda. Nilikuwa nawagombeza kila safari, nao wananiita mjomba Gustaw mkali.

Kisha wakaanza kupungua. Mmoja akaenda chuo Krakow. Mwingine alishindwa na njaa. Mchezo huu hauna huruma na tumbo, ukizidi uzito kidogo tu hewa haikubebi, na siku moja aliweka uma mezani akasema anataka kula viazi kama binadamu. Marzena Bujok, ambaye yeye na Lidia walikuwa chanda na pete, alianguka mwezi wa Januari akavunjika goti. Majira ya joto yalipofika, gari lilikuwa na watu watatu tu: mimi, kocha Rajmund, ambaye hulala gari linapowashwa, na Lidia.

Watu wa mbali wakisikia kuruka kwa skii wanawaza theluji tu. Sisi tunaruka kiangazi pia, juu ya mikeka ya plastiki ya kijani inayomwagiwa maji ili iteleze, na jua likichoma mvuke unapanda na harufu yake inakaa puani siku nzima. Mashindano ya kwanza yalikuwa Ufaransa. Ndipo nilipoona jinsi alivyo peke yake. Mezani Wanorwe walikaa na Wanorwe wenzao, Wajapani na Wajapani. Wavulana wetu, wanaosafiri na gari lao, walimkaribisha, ni watoto wenye adabu, lakini walikuwa na utani wao wa tangu utotoni, na akifika mtu wa nje utani unahitaji maelezo. Siku ya pili alichukua sahani yake akaja kula nami garini.

"Huko ndani kuna kelele," alisema.

Hakukuwa na kelele yoyote. Nikamsogezea chumvi.

Mwezi wa Agosti mashindano yakaja nyumbani, Wisła. Jumamosi ilikuwa ya timu za mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili kwa kila nchi. Sisi tulikuwa na mwanamke mmoja. Kocha akamwita pembeni, akamwambia aende akamwombe Marzena arudi, kwa siku hiyo moja tu. Goti lilikuwa limepona na leseni yake ilikuwa haijafutwa. Lidia akaniomba nimpeleke.

Marzena alikuwa ameajiriwa dukani kwa muoka mikate, karibu na kanisa. Tuliingia akiwa ametupa mgongo, anapanga mikate.

"Karibuni, niwape nini?" Akageuka. "Ah. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Umekonda mpaka unatisha, Lidka. Wateja watadhani umekuja kuomba."

"Na wewe umenawiri."

"Sema nimenenepa. Siumii. Nakula keki ya jibini kila asubuhi na hakuna anayenipandisha kwenye mizani." Akanigeukia mimi. "Shikamoo, mjomba Gustaw."

Niliitikia, nikajifanya naangalia maandazi ya jamu.

Lidia akaanza kueleza habari za Jumamosi. Wavulana wapo, yeye yupo, kinachohitajika ni mtu mmoja tu. "Kocha anasema hata ukiruka kama kuku, si kitu, almradi nchi iandikwe."

"Kocha anasema." Marzena akapangusa kaunta iliyokuwa safi tayari. "Na wewe unasemaje?"

Lidia akaanza kusoma bei za mikate.

"Nililala hospitali Bielsko nikiangalia mlango," Marzena akasema. "Mama alikuja. Mchungaji alikuja. Hata mjomba Gustaw huyu alikuja na juisi yake ya matunda, mbaya kweli."

"Haikuwa mbaya," nikasema.

"Ilikuwa mbaya, mjomba, ila nilikunywa. Wewe, Lidka, hukuja."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Aliyevunjika ni mimi."

"Kama ningekuona vile, nisingeweza kukaa tena kwenye boriti ya kuanzia kule juu ya mnara."

Akaingia bibi mmoja akataka mkate wa shayiri, ukatwe vipande vyembamba. Mashine ya kukatia ikanguruma, tukasimama tunaisikiliza. Bibi alipotoka, Marzena alikuwa amekwisha kutulia.

"Basi umeendelea kukaa kwenye boriti. Endelea. Mimi huko sirudi, si kwa kocha, si kwa nchi, si kwa kuku."

Garini Lidia hakufunga mkanda, nami sikuwasha.

"Mjomba, mimi sikuja kwa ajili ya Jumamosi."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Neno lilikataa kutoka."

Jumamosi watu walijaa bonde zima, bendera nyeupe na nyekundu, tarumbeta, moshi wa soseji. Hawakujua, au walijua wakaja hivyo hivyo, kwamba Poland haimo. Asubuhi kocha akamjia Lidia ameinamisha uso.

"Wanataka mtu wa kufungua njia," akasema. Mtu wa kufungua njia huruka kabla ya wengine wote, ili waamuzi waone upepo ulivyo na maji yanavyoteleza. Urefu wake hauandikwi popote.

"Hapa? Nyumbani kwangu?"

"Unaweza kukataa, Lidka."

"Nikikataa nitafanya nini siku nzima, niuze soseji?"

Akachukua kizibao kisicho na namba, akapanda lifti ya viti.

Spika zilipotaja jina lake, bonde lilinguruma. Sijawahi kusikia kelele ya namna ile kwa mfungua njia. Lilikuwa jina la pekee la Kipolandi watakalolisikia siku hiyo, wakalishangilia lote. Nilimwona akiachia boriti, akashuka, akaruka. Hakuruka ajabu, wala hakuruka vibaya. Alitua mguu mmoja mbele, vizuri kama alivyofundishwa, maji yakaruka pande mbili. Akasimama chini akiwa ameangalia ubao wa matokeo kwa mazoea, na ubao ukabaki mtupu. Akainua mkono nusu, akaushusha. Watu wakaendelea kupiga tarumbeta, yeye anavua skii haraka haraka kama mtu aliyekosea chumba.

Kisha timu zikaanza. Waslovenia, Wajapani, Waaustria. Kila aliyetua wenzake watatu walimkimbilia, wakamrukia shingoni. Nilimkuta Lidia nyuma ya mabanda ya soseji, amekaa juu ya kreti la bia, skii ukutani. Mlevi mmoja mwenye kofia ya pembe alikuwa amesimama mbele yake.

"Dada, mbona peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Wamekosa basi," Lidia akamjibu.

Mlevi akacheka, akampiga begani, akaenda zake. Lidia hakucheka. Aliniambia, "Leo ndiyo mara ya kwanza natamani wangenizomea. Mtu akikuzomea, anakuhesabu."

Nilikaa kando yake mpaka wimbo wa taifa wa washindi ukapigwa. Haukuwa wetu.

Mwisho wa msimu ulikuwa Klingenthal, Ujerumani, mwanzoni mwa Oktoba, ukungu na baridi. Hapo aliruka kama sijawahi kumwona. Mimi dereva sina kibali cha kuingia uwanjani, kwa hiyo nilikuwa nje ya uzio pamoja na watazamaji. Aliondoka mdomoni mwa mnara, hewa ikamshika, akaja, akaja, watu wakaanza kusema "oo" kabla hajatua. Alipita mstari wa mbali kabisa uliochorwa. Ubao ukawaka jina lake juu ya yote, na ingawa wengine kumi walimpita baadaye, kwa wakati ule alikuwa wa kwanza.

Akageuka nyuma, ngumi zimekunjwa, mdomo wazi, akitafuta wa kumkumbatia. Kocha alikuwa juu kwenye jukwaa la makocha na bendera yake ya kumwashiria aanze. Wavulana walikuwa kwenye mazoezi yao upande wa pili. Akabaki hivyo na ile furaha usoni, hajui aipeleke wapi. Mimi nikapanda kwenye uzio, mtu mzima mwenye mvi, nikapiga kelele, "Lidka! Lidka, huku!" Mlinzi akanivuta koti. Sijui kama aliniona. Alisema aliniona, lakini Lidia ni mtu mwema.

Tulipokuwa tunarudi simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Marzena, ambaye tangu siku ile ya mkate hawakuwa wamesemezana. Lidia akausoma kwa sauti: "Mkono wa kushoto bado unaufungua mapema. Ungeufunga ungepata mita mbili zaidi."

"Kumbe anatazama," nikasema.

"Mjinga," Lidia akasema. "Mjinga huyu." Akacheka, halafu akalia, halafu akamwandikia kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Alichotuma sikukiuliza.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Lidia anapita dukani, wanasimama mlangoni wakizungumza habari za goti na mimba, maana Marzena aliolewa majira yale ya baridi. Na mwaka uliofuata kocha alipata wasichana wawili wa Szczyrk, mji jirani, wadogo sana, wenye kipaji. Wanamwita Lidia shangazi, na yeye hajafika hata miaka thelathini. Wana siri zao, nyimbo zao, namna yao ya kucheka. Akiingia chumbani wanapunguza sauti, kwa heshima.

Siku moja tulikuwa tunapakia mizigo akaniambia, "Nilidhani nikipata wenzangu itakwisha."

"Haijakwisha?"

"Imebadilika tu, mjomba."

Mmoja wa wale watoto alikuwa anahangaika na kamba za viatu vya kurukia, amezikaza kombo. Lidia akapiga goti chini mbele yake, akazifungua zote, akaanza upya taratibu, kutoka vidoleni.