Mshono wa Ghorofa ya Juu

Binti yake Cheche alikuwa ameandika orodha. Siku tatu za kumtembeza baba jijini, na kila siku na mahali pake: makumbusho, kisha bustani ya wanyama na daraja kubwa, na siku ya mwisho mnara ambao watu hupanda mpaka juu kuutazama mji wote. "Baba, hutaki kuuona mnara ulioujenga?" alimuuliza kwenye simu. Cheche alijibu kwamba aliuona zamani, inatosha. Miaka thelathini na moja alikuwa na udhuru wa kutokwenda: mara mashine imeharibika, mara mteja anasubiri geti, mara goti. Safari hii mkewe alimfungia begi mwenyewe, akamwambia udhuru umekwisha.

Basi tuseme alichokuwa anakikimbia, maana mtu mzima hakimbii mnara bure.

Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo alipewa kwa ajili ya cheche zilizomtobolea mashati yote. Akiwa na miaka ishirini na minne alichukuliwa na fundi mkuu wake, mtu wa mkono wa kushoto ambaye wote walimwita Shoto, kwenda kuchomelea ukingo wa chuma wa roshani ya juu ya mnara huo. Kazi ilikuwa ya mbio, ufunguzi umekaribia. Jioni ya mwisho, nguzo ya kona ilimkuta yuko hoi, macho yanawaka. Akaigusisha tu pale chini kwa mshono mwembamba kama uzi, akapaka rangi juu yake, akajiambia kesho atarudi kuimaliza. Kesho yake alfajiri mafundi wakapakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao. Shoto peke yake alibaki siku mbili, kukusanya vifaa, alivyosema.

Cheche akanyamaza. Mwaka wa kwanza aliogopa kufukuzwa kazi. Mwaka wa pili aliogopa kuulizwa kwa nini hakusema mwaka wa kwanza. Na ndivyo ilivyoendelea. Hata Shoto alipomwoza binti yake, mwaka uleule wa mnara, Cheche hakuthubutu kumfungulia mkwewe mdomo. Redio ikisema tu "ajali imetokea jijini", kijiko chake kilisimama kati ya sahani na mdomo mpaka ajue ni ajali gani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Yeye alichoogopa ni kwamba kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine.

Kule makumbusho watu walitazama kiti cha enzi, yeye akatazama bawaba za mlango. Simba alipounguruma bustanini na watoto wakapiga kelele, Cheche alisema nondo za banda zimechomelewa vizuri. Darajani binti alimwonyesha mto, na yeye akainama kuhesabu ribiti zilizoshikanisha vyuma.

"Baba, umekuja kutembea au kukagua?"

Alicheka, lakini tangu afike hakuwa amelala usingizi wa maana.

Siku ya tatu lifti iliwapandisha mpaka masikio yakaziba. Roshani ilijaa watu. Na pale konani, palepale, bwana mmoja mnene alikuwa ameuegemea ukingo kwa mgongo, mikono ameitanua, mkewe anampiga picha.

"Ondoka hapo! We bwana, ondoka!"

Watu wote wakageuka. Yule bwana akasogea ameduwaa, na Cheche akajitupa chini kwa goti lake lilelile bovu, akaanza kupapasa shina la nguzo.

"Tusamehe, kaka," binti alimwambia yule bwana kwa aibu. "Baba yangu ni fundi."

Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa.

Rangi ilikuwa imebanduka kwa viatu vya watu. Cheche alitafuta uzi wake, hakuuona. Alikuta mshono mnene ulioizunguka nguzo nzima, umepangana vizuri kama magamba ya samaki. Akapitisha kidole mara mbili. Mshono ulikuwa umekwenda kinyume na wa mtu wa mkono wa kulia: pale ambapo yeye angeishia, huyu ndipo alipoanzia. Na katika kundi lao lote, mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

"Babu yako," alisema.

"Babu amefanya nini?"

Akamweleza yote palepale sakafuni, watu wakiwapita. Binti alisikiliza huku amechuchumaa, orodha yake mkononi.

"Kwa hiyo babu alijua?"

"Alijua. Akarekebisha, akashuka, akanipa mama yako."

"Na hakukwambia kitu?"

Cheche akafikiri. Siku ya harusi Shoto alimvuta pembeni, akamwambia, "Una mkono mzuri, mwanangu. Ila ukichoka, sema." Cheche alidhani ni mambo ya ndoa, akaitikia kwa heshima zote.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko. Alimkasirikia kidogo marehemu mkwewe, maana miaka thelathini na moja si mchezo. Lakini hakuna aliyekuwa ameanguka, na hakuna ambaye angeanguka, na mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu ujana. Akamwendea yule bwana mnene, akamwomba radhi kwa mikono miwili, akamwambia aegemee atakavyo. Kisha akaegemea mwenyewe, uzito wote, binti akampiga picha.

"Bado upande wa pili, Baba, tuone stesheni," binti alisema, akiikunjua orodha. "Au umechoka?"

"Nimechoka, mwanangu," alisema Cheche. "Nimechoka sana. Nitafutie mahali nikae."