Kofia Isiyopinduliwa ya Machochwe

Mimi nauza kofia za mitumba sokoni Tarime, ila kuna kumi na saba ambazo siuzi. Ni kofia za pama za sufu, za kizamani, kutoka Ujerumani na Austria, nilizozichambua moja moja kwenye marobota. Ziko juu ya kabati, na mama huziita kuku wanaoatamia. Kila moja naujua umri wake. Basi niliposikia kwamba Mzee Marwa wa Machochwe anayo moja ambayo babu yake alipewa na askari wa Kijerumani wa ngome ya Ikoma, zamani zile za utawala wao, nilikosa usingizi. Nikampigia simu, tukapatana. Ikiwa kweli ni ya enzi hizo, inabaki kwake, na wanaomcheka kuwa amevaa mtumba watafunga midomo. Ikiwa siyo, tunabadilishana na yangu ya Austria, ya kijani, yenye unyoya pembeni.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Mugumu. Ile ya kijani niliivaa, maana kofia ya sufu ukiikunja kwenye begi umeiua. Nyamongo alipanda kijana mchimba dhahabu, mtu wa Geita, akaniuliza kama nimetoroka na kofia ya babu. Nikamwambia hii imekuzidi umri, iamkie. Akaiamkia kweli, shikamoo kofia, na nyuma ya basi wakaitikia marahaba.

Tulipovuka Mto Mara alitaka kujua umri nimeujuaje, mimi niliyeishia darasa la saba. Nikamwonyesha ndani. Kofia huficha miaka yake kwenye ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Ukikuta lebo ya nailoni yenye alama za kufulia, hiyo ni ya juzi. Ukikuta mhuri wa Ujerumani Magharibi, ilitengenezwa nchi ile ikiwa imegawanyika, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hayo nimejifunza kwa simu, bando likiisha nangoja. Kufika Kenyamonta, ng'ombe walikuwa wameziba barabara na kijana wa Geita alikuwa anakagua kofia za abiria wote.

Mugumu nikachukua bodaboda, na saa sita mchana nilishuka pale Machochwe, kofia nimeifunga na kanga kidevuni. Mzee Marwa alikuwa ananingoja na kofia yake kichwani, ya kahawia, ukingo umeliwa. Nikaamkia, nikaletewa ugali wa mtama na maziwa mgando. Mkewe akaniambia alipoolewa aliikuta kofia hiyo inaheshimiwa kuliko mama mkwe.

Nikanyoosha mkono kuipokea, nipindue nione ndani. Mzee akarudi nyuma.

"Hii haipinduliwi, binti yangu. Tata alikataza mpaka anakufa."

Tata kwa Kikurya ni baba. Sababu hakuisema, wakalichukua katazo lake kuwa mwiko. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona ndani ya ile kofia. Nikafikiri kidogo, kisha nikaomba ngozi ya ng'ombe, nikalala chali. Mzee akaishika juu ya uso wangu, imesimama kama ilivyo, nami nikamulika kwa simu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Mhuri ulikuwa umefifia, lakini neno la Magharibi lilisomeka. Moyo wangu uliruka kwa furaha, halafu nikauona uso wake pale juu.

"Si ya enzi hizo, mzee. Babu yako hakupewa hii na askari. Huenda ilinunuliwa na baba yako."

Kisha akasema ahadi ni ahadi, niichukue. Nilikuwa bado namalizia kuchungulia, nikapitisha kidole nyuma ya ukanda, na kitu kikaniangukia kwenye paji la uso. Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, rangi ya chai. Penseli. A e i o u. Chini yake, *baba analima*, na jina *Marwa*, herufi ya R ikitazama nyuma.

Mzee aliishika kwa mikono miwili. Mwandiko ulikuwa wake, wa darasa la kwanza.

"Tata hakujua kusoma," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Kumbe alikuwa ananivaa mimi."

Tuliirudisha karatasi nyuma ya ukanda, nami nikamrudishia kofia kichwani kwa mkono wangu. Akasema sasa watakaomcheka atawaomba wao waonyeshe ya baba zao.

Kesho yake jioni nilikuwa nyumbani Tarime, na kofia yangu ya kijani na jogoo wa kupewa. Nilikuwa nadhani ukishajua umri wa kofia umeimaliza. Nikazishusha kofia zote za juu ya kabati, nikatandika mkeka, nikalala chali, nikamwomba mama anishikie juu moja moja, asipindue. Alinung'unika kwa nne za kwanza. Ya tano alilala pembeni yangu, akasema nisogee naye aone.