Njia ya Maji Haizibwi

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, mwanangu, enzi Mdachi alipokwisha kuipitisha reli huku kwetu Ugogo. Juu ya kijiji chetu cha Ihumwa palikuwa na bwawa la udongo. Halikujengwa kwa ajili ya mifugo. Lilijengwa lizuie mafuriko ya korongo, yasije yakang'oa reli na kusomba mashamba ya uwele na tembe za bondeni. Kwenye ncha moja ya tuta paliachwa njia ya mawe, ili maji yakizidi yatoke taratibu. Aliyekabidhiwa kulitunza ni Mzee Ndahani, mcheshi asiyecheka.

Sasa fikiri. Sisi ni watu wa kufukua mchanga wa korongo ili tupate kibuyu kimoja cha maji. Utamwambiaje Mgogo ayaache maji yaende zake? Kaka yangu Chiloloma, aliyekuwa amekwisha kuposa, hakustahimili. Akatuongoza vijana tukapanga mawe, tukashindilia miiba, tukakandika udongo kama tukandikavyo tembe, njia ile ikazibika. Alisema ng'ombe watakunywa kiangazi kizima, nasi tukamsifu.

Mvua ilipokaza, maji yakapanda hadi yakakaribia kichwa cha tuta. Mzee Ndahani akaja, jembe begani.

“Mjukuu wangu,” alimwuliza Chiloloma, “ukinywa pombe ya mtama kutwa nzima, huipeleka wapi?”

“Hutoka, babu.”

“Na ukizibwa?”

Tulicheka, kisha tukatazama alikokuwa akilielekeza jembe lake: bondeni, kwenye tembe ya mama mkwe wa Chiloloma. Akatueleza kwamba tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake humomonyoka, na likivunjika huyaachia kwa pigo moja maji yote liliyoyakusanya. Korongo lisilo na bwawa lina huruma zaidi. Sisi tukashika majembe kuzibua. Chiloloma akatumwa kuonya.

Wajua kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, wala hapigiwi kelele. Basi akasimama nje ya ua wa miiba, ameipa tembe mgongo, akapaza sauti. Mama akajibu kutoka ndani kwamba hajapata kuona mkwe mkosefu wa adabu namna hii.

“Mama, adabu nitaileta kesho pamoja na mbuzi. Leo panda kilimani.”

Akapanda, akimsema njia nzima. Njia ya mawe ikazibuka, maji yakashuka, tuta likasimama. Mbuzi naye alifika, na siku ya harusi hakuna aliyekisimulia kisa hicho kwa kicheko kumshinda mama yule.

Mwanangu, husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kuna tundu ambalo ukiliziba ndipo utakapoupoteza ukuta wenyewe. Kabla hujakirekebisha kitu, uliza kiliwekwa kwa kazi gani, na ni nani anayelala chini yake. Na hatari ikija, onya kwanza, heshima itakusubiri.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, tuta imara, na mkwe mwepesi wa kusamehe.