Sijambo Kidogo

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi, na kitambulisho chenyewe kilikuwa na tabia ya kugeuka kikining'inia shingoni, kwa hiyo hata hapo hakuna aliyelisoma. Watu walimwita Bi Dodoso. Kwa miaka kumi na tisa alibisha hodi kwenye milango ya watu kwa niaba ya serikali, dodoso mkononi, kalamu ya wino mweusi nyuma ya sikio, akiuliza mambo ambayo hata mama mkwe mdaku angeona haya kuyauliza: mnalala wangapi chumba hiki, choo mnashirikiana na nani, mara ya mwisho ulipougua ulikwenda wapi, na kama hukwenda, kwa nini. Akifungiwa mlango leo, kesho anarudi. Mbwa wa mitaa mingi walikuwa wameshachoka kumbwekea.

Mwaka huo alikuwa akiuliza habari za wauguzi wa nyumbani. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kupeleka muuguzi, mara moja kwa wiki, kwa wazee na wagonjwa wasioweza kujikokota hadi zahanati. Sasa, baada ya miaka minne, ilitaka utafiti: mpango uendelee, au wauguzi warudishwe wodini ambako nako hawatoshi? Nyumba elfu moja mia moja na arobaini zilichaguliwa, na wadodosaji wakagawana mitaa.

Swali la kwanza kabisa liliandikwa hivi: Kwa jumla, hali yako ikoje? Chini yake namba tano. Moja, nzuri sana. Mbili, nzuri. Tatu, ya wastani. Nne, mbaya. Tano, mbaya sana. Zungushia moja.

Aliyelitunga swali hilo sijui alilelewa na nani. Ukimuuliza mtu hali yake mlangoni kwake hujamuuliza kitu, umemsalimu, naye atakurudishia salamu yako kama alivyofundishwa. Nzuri, tunashukuru. Anaweza kuwa amelala chali mwezi wa tatu, atasema nzuri. Akizidiwa sana ataongeza neno moja la nyuma: sijambo kidogo. Na hilo "kidogo" ndilo lenye habari yote ya nyumba. Lakini kwenye dodoso halikuwa na namba, na mwalimu wa mafunzo alishawaonya tangu siku ya kwanza: jibu ni mali ya serikali, usiongeze, usipunguze, usiandike nje ya mistari.

Bi Dodoso alikuwa mtiifu isipokuwa katika jambo moja. Mwaka wake wa pili kazini, katika utafiti mwingine wenye swali lilelile, alimhoji mwashi mmoja mstaafu. Mzee yule alimwambia, "Sijambo kidogo, mwanangu," akamkaribisha kiti bila kuinuka kwenye chake. Yeye akazungushia mbili na kuendelea na maswali ya maji na choo. Wiki mbili baadaye alipita mtaa ule akakuta viti vya kuazima vimepangwa nje kwa mzee yule na watu wameketi kimya. Jambo hilo lilimuuma, na halikuacha kumuuma. Tangu siku hiyo alitembea na penseli fupi kwenye pochi, na kila mtu alipotaja lile neno, alizungushia namba kwa wino kama alivyoagizwa, kisha pembeni, kwa herufi ndogo za penseli, akaandika: kidogo. Hakuna aliyewahi kuyasoma maandishi hayo. Waingizaji wa takwimu waliona namba tu.

Sasa, nyumbani kwake mwenyewe alikuwemo mgonjwa wa mpango huo. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyewashonea sare watoto wa shule mbili nzima, alikuwa na kidonda cha kisukari kwenye mguu wa kushoto kilichokataa kupona. Kila Alhamisi muuguzi alikuja na mkoba wake, akakisafisha, akapima sukari, akamgombeza mgonjwa, akaondoka. Alikuwa amesema waziwazi: kikikosa kuoshwa kitaalamu mwezi mmoja, mguu huu tutauaga. Mpango ukifa, mguu ungeufuata.

Kanuni hazimruhusu mdodosaji kumhoji ndugu yake. Basi nyumba yao ilipotokea kwenye orodha alitumwa mwenzake, bwana mmoja makini waliyemwita Miwani, na Bi Dodoso akajitenga jikoni. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao. Alisimama na sufuria isiyohitaji kusuguliwa, akiisugua.

"Kwa jumla, mama, hali yako ikoje?"

"Nzuri, baba. Namshukuru Mungu. Sijambo kidogo."

Alisikia kalamu ikizunguka. Alijua imezunguka namba gani.

Asubuhi hiyohiyo dada yake alikuwa ameng'ata kanga akibadilishiwa bandeji, ili majirani wasisikie.

Miwani alipoondoka, Bi Dodoso alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji.

"Dada, kwa nini umemwambia nzuri?"

"Kanisalimia. Ulitaka nimjibu nini?"

"Ukweli."

"Mtu kaja kwangu kwa adabu, hata maji hajanywa, nimmwagie usaha mapajani? Halafu nimemwambia kidogo. Hakusikia?"

"Kidogo haina namba. Mimi huwa naiandika pembeni, kwa penseli."

Dada akamtazama. "Na yeye hana penseli?"

Bi Dodoso akajifuta mikono kwenye kanga yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini dada yake hakuficha kitu. Alikuwa amesema, kwa lugha aliyozaliwa nayo, na karatasi haikumsikia.

Wiki sita baadaye wadodosaji waliitwa ofisini kusomewa rasimu ya ripoti kabla haijapelekwa wizarani Ijumaa. Mtafiti mkuu walimwita Asilimia, kwa sababu hata akiulizwa kama chai ina sukari angejibu kwa asilimia. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma kwa sauti ya upole: asilimia themanini na tatu ya wanaohudumiwa wana hali nzuri au nzuri sana. Hivyo basi inapendekezwa huduma ya nyumbani isitishwe ifikapo mwezi wa saba, na wauguzi warudishwe hospitalini kwenye uhitaji zaidi.

Wengine wakaandika. Bi Dodoso hakuandika. Aliomba ruhusa, akashuka stoo ya makaratasi na kukaa huko saa tatu nzima, akipiga chafya kwa vumbi. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshaondoka. Akampangia Asilimia mafungu mawili mezani.

"Haya ni madodoso yangu, mkuu. Mia mbili kumi na sita. Fungu hili, mia moja thelathini na tisa, ndiyo yenye neno pembeni. Naliandika hivyo tangu mwaka wangu wa pili kazini."

Asilimia alivua miwani yake ya kusomea, akaivaa tena. Akafunua moja, la pili, la kumi. Kidogo. Kidogo. Kidogo.

"Uliambiwa usiandike nje ya mistari."

"Niliambiwa."

"Unaelewa kwamba hii ni kukiri kosa? Na la miaka, si la jana."

"Naelewa."

"Basi kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Hakuna aliyeniuliza. Dodoso halina swali la mdodosaji." Kwa kweli aliona haya, maana jibu hilo, ingawa lilikuwa la kweli, halikutosha. Angeweza kusema miaka kumi na saba iliyopita, akaona penseli inatosha kumtuliza yeye mwenyewe.

Asilimia akatikisa kichwa. "Neno moja la penseli siwezi kulipeleka wizarani. Kidogo ni nini? Kidogo haipimiki. Mtu kasema nzuri, na sisi tumeandika nzuri."

Bi Dodoso akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga.

"Mama mzazi hajambo, mkuu?"

"Hajambo, tunashukuru," akajibu Asilimia. "Hajambo ki..."

Akakomea hapo. Ofisi nzima ilijua kwamba mama yake alipooza upande mmoja tangu mwaka uliopita, na kwamba mwanawe huyo hutoka kazini saa sita kila siku kwenda kumgeuza kitandani.

"Mbili," akasema Bi Dodoso taratibu. "Ningezungushia mbili."

Asilimia aliyakusanya madodoso yale mia moja thelathini na tisa, akayagonga mezani hadi kingo zikalingana, akayaweka kwenye droo yake. Ijumaa ripoti haikwenda wizarani. Ilikwenda barua ya kuomba wiki tano za kurudia nyumba mia tatu kwa swali jingine, lililotungwa safari hii na watu waliowahi kubisha hodi: Taja mambo uliyokuwa ukiyafanya mwenyewe mwaka jana, ambayo leo huyawezi.

Bahati au mkosi, nyumba yao ilitoka tena kwenye orodha. Miwani akaja, Bi Dodoso akarudi jikoni na sufuria yake.

Swali lilipoulizwa dada yake hakuwa na salamu ya kurudisha. Akaanza kutaja. Kuvaa kiatu cha kushoto. Kuinama kufagia. Kufika chooni asubuhi bila kushika ukuta. Kukanyaga pedali ya cherehani.

Bi Dodoso aliiweka sufuria chini. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu mwaka uliotangulia, na dada yake alimwambia ni macho yamechoka, naye akaamini. Alikuwa amewauliza maelfu ya watu habari za nyumba zao, na huyu anayekula naye sahani moja hakumuuliza. Alilia pale jikoni kimyakimya, akijifuta kwa mkono wenye sabuni, jambo lililozidisha machozi.

Matokeo yakageuka. Wawili katika kila watatu walitaja mambo mawili au zaidi, na mpango ukaongezewa miaka miwili. Alhamisi muuguzi alikuja na mkoba wake kama kawaida, akasafisha, akagombeza.

Jumatatu iliyofuata barua ilitoka utumishi. Ilisema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba kwa kukiuka mwongozo wa ukusanyaji wa taarifa kwa kipindi kirefu, na kwa kukiri mwenyewe, mkataba wake hautaongezwa. Asilimia aliileta kwa mkono wake. Alisema alijaribu, na Bi Dodoso alimwamini, kwa sababu hakutaja asilimia hata moja. Akarudisha kitambulisho, ubao wa kuandikia na kalamu mbili za wino. Penseli haikuwa mali ya serikali.

Alifika nyumbani mapema kuliko kawaida. Dada yake alikuwa ameketi kando ya dirisha, mguu juu ya kigoda, akipindia gauni la jirani kwa sindano ya mkono.

"Umerudi, mdogo wangu. Habari za kazi?"

"Nzuri," akasema Bi Dodoso, akitundika pochi kwenye msumari.

Sindano ikasimama. Dada alimtazama mgongoni, akatazama shingo iliyokuwa tupu, bila ile kamba ya kitambulisho.

"Na pembeni umeandika nini?"

Bi Dodoso alibaki akiushika ule msumari. Kisha akaja, akaketi sakafuni karibu na kigoda, akakiegemeza kichwa chake kwenye goti la dada yake, lile zima.

"Wameniachisha, dada," akasema. Na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaendelea kueleza, neno baada ya neno, na dada yake akamsikiliza mpaka mwisho.